Leo Tunalala Maili ya Ngapi?

Kila asubuhi, akishaitikia shikamoo yangu na kuwasha jiko la gesi, mjomba aliuliza swali lilelile: "Mjomba, leo tunalala maili ya ngapi?" Mimi namwita mjomba naye ananiita mjomba, kama tulivyozoea nyumbani. Hakuuliza tunalala mji gani. Kwenye Barabara Kuu ya Alaska miji ni michache mno kuwa jibu la swali hilo. Kati ya Fort Nelson na Watson Lake kuna zaidi ya kilomita 500 za misonobari, milima na mito, na mtandao wa simu unaokuja na kuondoka kama umeme wa kwetu wakati wa mgao. Programu niliyoipakua, iliyoniahidi kila kambi na kila kiwanja cha magari-nyumba mpaka Fairbanks, ilinionyesha duara linalozunguka tu.

Mjomba alilitarajia hilo. Ameendesha malori tangu kabla sijazaliwa, kwanza kati ya Dar es Salaam na Tunduma, sasa Edmonton na majimbo ya jirani, na hana imani na kitu chochote kinachohitaji chaji. Chini ya kiti chake kulikuwa na kitabu kinene chenye jalada laini kiitwacho The Milepost, kinachotolewa upya kila mwaka. Ndani yake barabara imeandikwa maili kwa maili: hapa pana daraja, hapa pana nafasi ya kuegesha upande wa kushoto, hapa pana kambi ya serikali yenye choo cha shimo, hapa palikuwa na loji ila imefungwa, usitegemee mafuta.

Tatizo lilikuwa namba zenyewe. Tulipokaribia chemchemi za maji moto za Liard, mahali ambapo kila msafiri anapajua kama Maili 496, nilizigeuza kilomita za dashibodi kuwa maili nikapata 478. Nikamwambia mjomba tuna karibu nusu saa bado. Kabla sijafunga kitabu tukakiona kibao cha kambi. Maili 18 zilikuwa zimepotea, na gari halikuwa na kosa.

Zilipotea kwa sababu barabara hii imekuwa ikifupishwa kwa miaka 80. Ile ya kwanza ilijipinda kukwepa matope, miamba na makorongo, na kila kona iliyonyooshwa baadaye ilikula kipande cha safari. Kutoka Dawson Creek katika jimbo la British Columbia, penye nguzo ya Maili 0, mpaka Delta Junction huko Alaska, zilihesabiwa maili 1,422. Ukiendesha leo unapata pungufu ya 1,400. Halafu Kanada ikahamia kwenye kilomita katika miaka ya 1970. Lakini loji, vituo vya mafuta na kambi vilikuwa vimeshajizoesha kujitaja kwa maili, na havikuwa tayari kubadilishwa majina na fundi wa barabara. Kwa hiyo mahali pamoja pana namba tatu: ya nguzo ya kilomita, ya dashibodi yako, na ile ya zamani. Anayetafuta pa kulala bado anaelekezwa kwa ile ya zamani, kwa maili ambazo hazipo tena ardhini.

Hizo ni maili za vita. Tarehe 7 Desemba 1941 Japani ilipiga Pearl Harbor, na ghafla Marekani ikakumbuka kwamba Alaska, iliyokuwa bado himaya tu na si jimbo, haikuwa na barabara hata moja ya kuiunganisha na nchi nyingine. Kila kitu kilikwenda kwa meli, na bahari ilikuwa imeingiwa na adui. Februari 1942 Rais Roosevelt akaidhinisha barabara ipite ndani ya Kanada. Machi askari wa kwanza wakashuka Dawson Creek, mwisho wa reli. Makubaliano yalikuwa kwamba Marekani igharamie, Kanada itoe njia, na baada ya vita sehemu iliyo Kanada ikabidhiwe kwa Kanada, jambo lililofanyika Aprili 1946. Juni 1942 Wajapani wakaviteka visiwa vya Attu na Kiska, ncha ya mbali ya Alaska, na haraka ikazidi kuwa haraka. Kufikia mwishoni mwa Oktoba askari zaidi ya 10,000 walikuwa wamepasua njia ya zaidi ya maili 1,500 katika nchi ambayo sehemu zake hazikuwa hata na ramani ya kuaminika.

Karibu theluthi moja yao walikuwa weusi.

Hili sikulijua mpaka Maili 162, kwenye mto Sikanni Chief, tuliposimama kunywa chai na nikaanza kusoma nilichokuwa nimekihifadhi kwenye simu kabla ya kuondoka. Jeshi la Marekani wakati ule lilikuwa limegawanywa kwa rangi. Rejimenti saba za wahandisi zilitumwa kwenye barabara hii. Tatu kati yake, ya 93, ya 95 na ya 97, zilikuwa za askari weusi chini ya maafisa ambao karibu wote walikuwa weupe. Wengi walitoka majimbo ya kusini ambako theluji ni habari ya kusimuliwa. Rejimenti ya 95 ilifika ikakuta mitambo yake imepewa rejimenti ya weupe, ya 341, kwa dhana kwamba mtu mweusi hawezi tingatinga. Wakabaki na mashoka, misumeno na makoleo.

Hapo Sikanni waliambiwa wajenge daraja. Waliingia ndani ya maji ya baridi kali wakiwa na magogo waliyoyakata wenyewe, wakafanya kazi usiku kwa mwanga wa taa za malori, na daraja likasimama kwa chini ya siku nne. Baadaye nafasi yake ikachukuliwa na daraja la kudumu la mbao, na mwaka 1992 mtu akalichoma moto hilo. Nilimsomea mjomba. Alikaa kimya, akaenda ukingoni, akautazama mto kwa jicho la dereva. "Siku nne," akasema. "Na mashoka."

Kilichonikaa kichwani zaidi kuliko daraja ni habari ya mahali walipolala. Jenerali aliyesimamia ulinzi wa Alaska, Simon Bolivar Buckner, hakutaka askari weusi katika eneo lake. Aliandika wazi hofu yake: wangependa kubaki baada ya vita, wangezaa na wenyeji. Wakubwa wake huko Washington walihitaji watu, kwa hiyo askari walikuja, lakini kwa sharti: wawekwe mbali na miji na makazi. Ina maana kwamba watu waliotengeneza njia ya kufika kwenye miji hiyo walipangiwa kulala porini kwa amri, na si kwa sababu tu kazi ilikuwa porini. Majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943 yalikuwa makali hata kwa vipimo vya huko, na wapo wa rejimenti ya 97 walioyapitisha kwenye mahema.

Ndipo nikaanza kulitazama tofauti lile neno lililokuwa kwenye kila ukurasa wa kitabu cha mjomba: kambi. Kwetu ni neno la zamani la njiani. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipanga siku zake kwa kambi, na kambi ilipangwa kwa maji. Jeshi nalo lilifanya vivyo hivyo. Kampuni iliyotangulia msituni ilihitaji kijito, ardhi kavu yenye changarawe, na upepo wa kufukuza mbu. Ardhi ya namna hiyo huku si nyingi. Sehemu kubwa ya kaskazini imeganda chini kwa chini miaka yote. Askari waliokwangua majani na ukoka kwa tingatinga, wakidhani wanasafisha, waliiona ardhi ikiyeyuka na kumeza malori. Walijifunza kuacha ngozi ya ardhi ilivyo na kulaza magogo juu yake, bega kwa bega, kisha udongo juu. Palipokuwa pakavu pakawa pa thamani. Palipokuwa pa thamani kwa hema la askari pakawa pa thamani kwa karakana, kwa kituo cha matengenezo ya barabara, kwa loji, na mwishowe kwa mstaafu anayevuta gari-nyumba lenye sahani ya setilaiti.

Liard ndipo jambo hilo linapoonekana vizuri. Maji yanatoka ardhini yakiwa moto kiasi cha kuunguza ukisogea karibu na chanzo chake. Wenyeji waliyajua muda wote. Mwaka 1942 askari walijenga njia ya mbao juu ya kinamasi ili wafike kuoga, na njia ya mbao ipo mpaka leo, ingawa mbao si zilezile. Mwaka 1957 pakatangazwa kuwa hifadhi ya jimbo na kambi ikawa rasmi. Majira ya joto hujaa mapema. Tulifika saa kumi jioni, foleni ipo, nyati wa Amerika wanakula majani kando ya lami bila kujali, na kibandani amekaa msichana mwenye kofia.

Mjomba hakushuka. "Nenda ukaulize wewe," akasema. "Una Kiingereza cha shule."

Mjomba anazungumza Kiingereza kuliko mimi. Anabishana na mafundi kwa Kiingereza, anatania polisi wa mizani kwa Kiingereza. Nikashuka, nikauliza, nafasi ilikuwapo, tukalala. Lakini nililiweka moyoni.

Usiku, yaani saa tano na mwanga bado upo juu ya miti, tulikaa ndani ya yale maji tukiwa tumezungukwa na Wajerumani na familia moja kutoka Texas. Ndipo akasema. Miaka yake ya kwanza huku aliwahi kufika mahali pa kulala magari, usiku, kibao cha nafasi zipo kinawaka. Akaingia kuuliza. Akaambiwa pamejaa. Akarudi kwenye lori, akakaa, akaona gari jingine likiingia, na jingine, na yote yakipewa nafasi. "Sikugombana," akasema. "Nililala barabarani. Kesho yake nilifika na mzigo kama kawaida." Hakusema ni wapi, na mimi sikumuuliza. Aliongeza jambo moja tu: tangu siku hiyo hupiga simu kwanza. Kwenye simu, alisema, yeye ni jina na sauti.

Mwaka 1948 barabara hii ilifunguliwa kwa raia bila masharti ya vita. Kabla ya hapo ulihitaji kibali, na ulitakiwa kuonyesha kwamba gari lako ni zima, una vipuri, na una fedha za kutosha. Mwaka uliofuata, 1949, mtu aitwaye William Wallace akachapisha The Milepost ya kwanza, kijitabu cha kurasa 72. Alikuwa ameiona shida halisi. Barabara ndefu kuliko nchi nyingi, na msafiri hajui mafuta yako wapi, supu iko wapi, kitanda kiko wapi. Kitabu cha leo, kile cha chini ya kiti cha mjomba, ni mjukuu wa kile.

Mwaka huohuo wa 1949 kilikuwapo kitabu kingine cha safari, cha jalada la kijani. Mfanyakazi wa posta aliyeishi New York, Victor Hugo Green, alikuwa amekianzisha mwaka 1936 kwa ajili ya wasafiri weusi wa Marekani. Nacho kiliorodhesha pa kulala, pa kula na pa kujaza mafuta, mji kwa mji, lakini kigezo chake kilikuwa tofauti: mahali ambapo hutafukuzwa. Katika miji mingi jibu lilikuwa chumba nyumbani kwa mtu, mara nyingi kwa mama mmoja mwenye kitanda cha ziada. Green aliandika kwamba anatumaini siku itafika ambapo kitabu chake hakitahitajika. Alifariki mwaka 1960. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ikapiga marufuku ubaguzi katika hoteli na migahawa, na baada ya muda mfupi kitabu kikaacha kutoka.

Ukiviweka vitabu hivyo viwili mezani vinafanana mno. Vyote ni orodha za pa kulala. Vyote vilitungwa na watu waliojua kwamba njiani, jua likizama, swali moja linayameza mengine yote. Lakini cha kwanza kinadhani kwamba ukifika, na nafasi ipo, na fedha unayo, basi mambo yamekwisha. Cha pili hakina dhana hiyo. Nawaza askari wa rejimenti ya 95 aliyerudi kwao kusini baada ya vita. Barabara aliyoichonga ilikuwa na kitabu chake, na yeye, kusafiri tu kutoka jimbo lake kwenda jimbo jingine, alihitaji kile cha pili.

Watson Lake, Maili 635, ndiko tulikokaa muda mrefu zaidi bila kupanga. Mwaka 1942 askari mmoja mweupe wa rejimenti ya 341, Carl Lindley, aliyekuwa ameumia na kupewa kazi nyepesi, alitumwa kutengeneza kibao cha maelekezo. Akajiongezea mshale wa kwao: Danville, Illinois, na umbali wake. Wengine wakamwiga. Leo ni msitu kamili wa vibao, makumi ya maelfu, juu ya nguzo refu kuliko nyumba, kutoka kila pembe ya dunia. Mjomba alitembea humo saa nzima akitafuta Tanzania. Alipoona sijafurahishwa sana akauliza kulikoni. Nikamwambia nilikuwa nafikiria kwamba ni vizuri mtu akiwa na hamu ya kwao akaruhusiwa kuitundika hadharani. Akasema: "Acha, mjomba. Yule alikuwa mtoto, mguu unamuuma, anataka kwao." Kweli. Nadhani nilikuwa nimeanza kudai kila kibao kinilipe deni.

Na kuna deni ambalo si letu hata kidogo. Baada ya Watson Lake barabara inashuka hadi ziwa Teslin, nchi ya Watlingit. Mwaka mmoja tu baada ya tingatinga la kwanza kupita, kijiji cha Teslin kilipigwa na magonjwa mfululizo: surua, kuhara damu, manjano, kifaduro, matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo. Njia iliyoleta malori ilileta na vikohozi. Mbele zaidi, kwenye ziwa Kluane, serikali iliona askari na wajenzi wanaua wanyama ovyo, ikaamua kulinda wanyama. Mwaka 1943 eneo kubwa magharibi mwa barabara likafanywa hifadhi, uwindaji marufuku, na marufuku ikawaangukia wenyeji waliokuwa wakiwinda hapo tangu enzi, watu ambao kwao kuwinda ni chakula cha usiku huo. Waliotakiwa kuondoka walikuwa wao. Haki zao za kuwinda na kuvua ndani ya eneo hilo zilikuja kutambuliwa katika mikataba ya ardhi, Champagne na Aishihik mwaka 1993, Kluane mwaka 2003. Miaka 50, miaka 60.

Upande wa Alaska wenyeji walikuwa na kibao chao cha kusoma. Mwishoni mwa mwaka 1941 Elizabeth Peratrovich, mwanamke wa Kitlingit, na mumewe Roy walikuta kwenye hoteli moja ng'ambo ya Juneau maandishi yanayosema wenyeji hawaruhusiwi. Wakamwandikia gavana. Wakaendelea kuandika na kushawishi, na Februari 1945 Elizabeth akasimama mbele ya baraza la himaya akajibu hoja za wajumbe waliodai watu wake wametoka ushenzini juzi tu. Sheria ikapita, ikasainiwa tarehe 16 Februari 1945. Ilitoa haki sawa ya kuingia hotelini, mgahawani na dukani, miaka 19 kabla ya sheria ya Marekani nzima. Siku hiyo sasa huadhimishwa Alaska kwa jina lake. Hakuna anayeiweka habari hii kwenye historia ya utalii, na mimi siioni inaweza kukaa mahali pengine. Kabla mtu hajauliza kama kambi ina umeme na bomba la majitaka, kuna aliyehitaji kuuliza kama ataruhusiwa kuvuka kizingiti.

Whitehorse tulijaza mafuta, tukafua nguo, tukalala kwenye kiwanja cha magari-nyumba chenye kila kitu: maji, umeme, bafu la sarafu, jirani aliyetupa samaki. Sina la kulalamika. Mjomba alipiga simu kwanza.

Baada ya hapo tukaingia eneo ambalo kambi karibu zote ni za serikali ya Yukon, na hapa mjomba akawa mtu mwingine. Utaratibu wake ni huu. Unaingia bila lango. Unazunguka polepole kwenye njia ya changarawe ukitazama nguzo zenye namba. Isiyo na karatasi ni wazi. Unaegesha. Unatembea hadi kwenye ubao, unachukua bahasha, unaandika jina, namba ya gari na idadi ya usiku, unatia fedha, unadumbukiza kwenye sanduku la chuma, na kipande cha karatasi unakibana kwenye nguzo yako. Kuni zipo, zimepangwa, ni bure. Mlinzi hupita muda wake, akipita.

"Hamna mtu wa kuuliza," mjomba akasema siku ya kwanza, kama aliyegundua kosa kwenye mfumo. Tangu hapo hakutaka kusikia habari ya viwanja vya binafsi, hata vyenye maji ya moto.

Kluane tulikaa siku mbili kwenye kambi ya Congdon Creek, ambako sehemu ya mahema imezungushiwa uzio wa umeme kwa sababu dubu hupenda matunda ya vichaka vya ufukwe ule. Sisi tulikuwa ndani ya mabati, tukalala salama. Si mbali na hapo ni Soldiers' Summit, Maili 1061, kilipofanyika sherehe ya ufunguzi tarehe 20 Novemba 1942 kwenye baridi ya kuganda masikio. Upande wa pili ni Destruction Bay, jina lililobaki baada ya dhoruba kuyavunja majengo ya kambi ya jeshi. Upepo huo upo bado. Ulitutikisa usiku kucha kama mtu anayetaka tufungue mlango.

Usiku wa mwisho upande wa Kanada tulilala Snag Junction, kambi ndogo kwenye ukingo wa ziwa. Karibu na hapo, katika uwanja wa ndege wa Snag, Februari 1947 kilipimwa kipimo cha nyuzi 63 chini ya sifuri, baridi kali kuliko yote iliyowahi kurekodiwa Kanada. Sisi tulikuwa na mbu. Barabara kuanzia Burwash ilikuwa imetuyumbisha kama mashua, kwa maana ardhi iliyoganda bado inalipiza. Inavimba, inadidimia, lami inapasuka, wajenzi wanarudi kila mwaka.

Kidogo tu mbele yetu ilikuwa Beaver Creek, Maili 1202. Tarehe 25 Oktoba 1942 rejimenti ya 97, ya weusi, ikija kutoka Alaska, na ya 18, ya weupe, ikija kutoka Whitehorse, zilikuwa zinasogeleana msituni hapo bila kuonana. Koplo Refines Sims, mtu mweusi wa Philadelphia, alikuwa juu ya tingatinga lake akaona miti inaanguka kumwelekea. Ilikuwa inasukumwa na tingatinga la Alfred Jalufka, kijana mweupe wa Texas. Walishuka wakashikana mikono, na picha ikapigwa. Wote wawili walikuwapo Soldiers' Summit mwezi uliofuata, miongoni mwa askari walioshika utepe. Kisha kila mmoja akarudi kwenye rejimenti ya rangi yake. Jeshi liliamriwa kuacha kugawa watu kwa rangi mwaka 1948, kwa agizo la Rais Truman. Mwaka 1993 Alaska ikaliita daraja la mto Gerstle, karibu na Delta Junction, kwa heshima ya wale askari weusi.

Nilimsomea mjomba haya yote, tumekaa nje, moshi wa kuni ukituokoa na mbu. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama imeandikwa Sims alilala wapi usiku ule, siku ya picha. Nikatafuta. Nilichokuwa nacho hakikusema.

Akainuka kwenda kwenye ubao kabla hatujasahau. Kupitia dirishani nilimwona akiandika kwenye bahasha kwa kuikandamiza juu ya nguzo, taratibu, kwa herufi kubwa kama anavyojaza karatasi za mzigo: jina lake lote, namba ya gari, usiku mmoja. Akaitia kwenye sanduku, akaligonga kidogo kuhakikisha imeshuka, akarudi amebeba kuni mikononi.